Bunduki ya kijeshi ya zamani iliyochakachuliwa: jinsi ya kuitambua, kuikagua na kujua kama bado ina thamani

Baada ya 1945 majeshi yalibaki na Mauser, Lee-Enfield, Springfield na Mosin kwa mamilioni, maghala yamejaa, zikauzwa kwa raia kwa bei ya kutupa. Wakati huo hakuna aliyeziona kama kitu cha makumbusho, mtu alikuwa anataka bunduki nyepesi ya kuwindia tu, basi anachukua msumeno anakata mbao ya mbele, anafupisha mtutu, anatoboa juu kufunga darubini, anapaka vanishi ya fanicha, kazi imeisha. Leo ndo tunazikuta minadani na kwenye stoo za watu waliorithi, na swali ni lile lile: hii kitu ni nini hasa, imeharibiwa kiasi gani, niichukue au niiache?

Msimamo wangu naweka mezani mapema ili usome ukijua naelekea wapi. Usidanganywe na muonekano. Mbao mbaya inatisha macho lakini ndo kitu rahisi kurudisha, chuma ndo kinaamua kila kitu. Unaweza kukuta bunduki imevalishwa kitako cha aibu na ndani iko nzima haijaguswa, alafu nyingine inang'aa utadhani imetoka kiwandani jana kumbe ilishakufa siku fundi maiko alipoitia drili.

HATUA YA 1: Sheria na usalama, kabla hujaanza kushangaa

Bunduki ya kale bado ni bunduki. Kila nchi ina mstari wake wa kusema hii ni ya kale na hii inahitaji kibali, na mstari wenyewe mara nyingi haufuati akili ya kawaida. Marekani kwa mfano sheria ya taifa inaangalia mwaka wa kutengenezwa, 1898 kurudi nyuma ni ya kale, kwa hiyo Mauser mbili za muundo mmoja zinaweza kuwa upande tofauti wa sheria kwa sababu moja ilitoka kiwandani mwaka mmoja baadaye. Nchi nyingine zinaangalia kaliba, yaani ukubwa na aina ya risasi inayotumia, na kama risasi zake bado zinatengenezwa. Ulizia kwenu kabla hujatoa hela, na usidhani kibali cha muuzaji kinakufunika na wewe.

Kingine, ukikuta namba ya bunduki imesagwa au kupigwa patasi, weka chini uondoke. Hapo habari ya thamani imeisha, sehemu nyingi hiyo ni kesi ya jinai, na maelezo ya "niliikuta hivyo hivyo" hayajawahi kumsaidia mtu sana.

Sasa usalama. Mdomo wa mtutu uelekee pasipo na mtu, kidole mbali na triga, fungua bolti (kile chuma chenye kishikio kinachovutwa nyuma), toa magazini kama inatoka, tazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa tochi alafu ingiza ncha ya kidole kidogo uhakikishe, maana macho yanadanganywa na grisi nyeusi iliyokauka. Kama ni ya kushindilia kwa mdomo, hizi za kabla ya risasi za ganda, ingiza fimbo nyembamba ya mbao mpaka igote, weka alama pale kwenye mdomo, alafu ichomoe uilaze juu ya mtutu kwa nje. Isipofika usawa wa tundu la kuwashia baruti basi kuna kitu ndani, na mara nyingi kitu chenyewe ni baruti na risasi iliyosahauliwa na mtu aliyekwisha kufa. Hiyo mpelekee fundi wa silaha, usijaribu kuitoa mwenyewe nyumbani.

Na katika mwongozo wote huu hatupigi risasi hata moja. Ukaguzi ni wa macho, vidole na rula.

HATUA YA 2: Soma chuma, sio mbao

Andaa tochi ndogo, lenzi ya kukuzia, kitambaa laini, mafuta mepesi, chaki nyeupe na simu ya kupigia picha. Msasa na brashi ya waya acha huko huko. Mwanga upige kutoka pembeni, sio juu, ndo mihuri iliyofifia inajitokeza. Ikikataa kusomeka paka chaki juu ya herufi ufute kwa kidole, chaki inabaki kwenye mashimo ya herufi na maandishi yanatoka.

Unachotafuta kiko hasa kwenye resiva, yaani lile pande la chuma ambalo mtutu umefungwa mbele yake na bolti inateleza ndani yake. Mbao zinabadilishwa, saiti (vile vya kulengea shabaha) zinabadilishwa, hata mtutu unabadilishwa, ila resiva ndo kitambulisho.

Mauser ya Ujerumani: angalia juu ya duara la mbele la resiva. Gewehr 98 utakuta jina la kiwanda kwa maneno, labda Spandau, Danzig, Erfurt, Amberg au DWM Berlin, na mwaka. Kar98k, iliyoanza 1935, ina msimbo badala ya jina: S/42 na baadaye byf ni Mauser wa Oberndorf, bnz ni Steyr, dot ni Brno, ce ni Sauer. Ubavu wa kushoto utasoma Gew. 98 au Mod. 98. Mauser za mikataba za nchi kama Argentina, Chile au Peru zina nembo ya nchi hapo juu, na nembo ikiwepo safi bei inapanda yenyewe.

Lee-Enfield ya aina ya SMLE: angalia ule mkanda wa chuma upande wa kulia, chini ya kishikio cha bolti. Kuna taji, herufi za mfalme, kiwanda, mwaka na aina, kwa mfano ShtLE III*. Za No 4 jina la aina liko ubavuni kushoto. Hapa kuna mtego mtamu: kuna nakala zilizotengenezwa kwa mkono maeneo ya Khyber Pass, mpakani mwa Pakistan na Afghanistan, fundi anakopi mihuri bila kuielewa, kwa hiyo utakuta herufi N imegeuka, Enfield imekosewa, au herufi VR za Malkia Victoria juu ya mwaka kama 1910 wakati Victoria alifariki Januari 1901. Ile sio bunduki iliyochakachuliwa, ile tangu inazaliwa haikuwa Enfield, chuma chake hakijulikani na haifai kupigwa kabisa.

Mosin-Nagant inachanganya watu kwa sababu maandishi unayoyaona juu, nyota ya Tula au pembetatu yenye mshale ya Izhevsk, yako kwenye kitako cha mtutu, ile sehemu nene ya nyuma, sio kwenye resiva. Tarehe ya resiva yenyewe iko chini ya mkia wake, huioni mpaka utoe kwenye mbao. Unaweza kukuta mtutu umeandikwa 1942 na mkia 1905, na wala hakuna aliyedanganya, jeshi lilibadilisha mtutu tu.

Springfield 1903 ina jina la kiwanda na namba juu ya resiva, na tarehe ya mtutu, mwezi na mwaka, iko karibu na mdomo nyuma ya saiti ya mbele. Hiyo tarehe ni zawadi, maana ikikosekana pale unaanza kushuku msumeno hata kabla ya kupima.

Arisaka ya Japani ilikuwa na ua la krisanthemu juu ya resiva na chini yake alama za Kijapani za aina, 38 au 99.

Piga picha kila muhuri, kila namba, hata kwenye vitu vidogo. Kwenye Kar98k hata vipande vidogo vina tarakimu mbili za mwisho za namba ya bunduki, kwenye Lee-Enfield namba ya resiva inatakiwa ijirudie nyuma ya kishikio cha bolti. Namba zikioana licha ya mbao kukatwa, endelea kusoma kwa furaha.

HATUA YA 3: Tofautisha kazi ya jeshi na kazi ya fundi maiko

Hapa ndo wengi wanapigwa, kwa pande zote mbili. Kuna anayeacha bunduki nzuri akidhani imechakachuliwa, na kuna anayenunua takataka kwa kuambiwa "hiyo ni marekebisho ya jeshi". Majeshi yalibadilisha bunduki zake kila siku, ila yalikuwa na utaratibu na yaliacha mihuri.

Arisaka yenye ua lililosagwa: hiyo ilifanyika 1945 Japani iliposalimu amri, kabla silaha hazijakabidhiwa. Inashusha bei ukilinganisha na yenye ua zima, lakini ni historia yake halali. Alafu kitako cha Arisaka kina vipande viwili vilivyounganishwa kwa kuingiliana, mstari unapita kwa urefu, watu wanauona wanasema kimevunjika kikagundishwa. Hapana, ndivyo kilivyotengenezwa.

Mosin za Finland zina mbao iliyoungwa katikati kwa vidole vya kuingiliana, na muhuri wa SA kwenye mraba kuonyesha ni mali ya jeshi la Finland. Ukiona ule muungano usicheke, chunguza.

Mosin yenye matobo mawili yaliyozibwa upande wa KUSHOTO wa resiva: tulia kabisa. Hiyo inaweza kuwa ilikuwa ya mdunguaji, darubini ya Kisovieti aina ya PU ilikaa kushoto kwenye kishikizo chake, na baada ya vita maghala ya Kisovieti yaliondoa darubini nyingi yakaziba matobo na kuirudisha bunduki kwenye kazi ya kawaida. Fundi wa uani anayetaka kuwinda mara nyingi hutoboa juu au hung'oa saiti ya nyuma. Hali kadhalika Lee-Enfield No 4 yenye matobo au vibao vya chuma ubavuni kushoto, tafuta herufi T hapo ubavuni na TR kwenye shingo ya chuma. Nyingi za No 4 (T) zilibadilishwa na Holland & Holland wa London, na hata ikiwa imekatwa mbao bado hiyo resiva ni kitu kikubwa.

Lee-Enfield iliyozungushiwa waya kwenye mbao ya mbele na kuunganishwa kwa lehemu, inaonekana kabisa kama mtu alifunga mpasuko. Kumbe ni kazi ya jeshi, hasa India, kuimarisha mbao kwa ajili ya kurushia guruneti.

Kar98k yenye kaliba ngeni: Norway ilichukua za Wajerumani ikaziwekea mtutu wa .30-06, mtutu unasema KAL 7,62, na mihuri kama HAER ya jeshi la nchi kavu. Israel nayo ilizipeleka kwenye 7.62 ya NATO, ikaandika 7.62 kubwa isionekane kwa bahati mbaya. Yugoslavia ilifuta mihuri ya Kijerumani ikaandika Preduzeće 44. Zote hizi ni kazi rasmi.

Mdomo wa mtutu uliotobolewa kwa upana kidogo hivi mpaka mifereji (ile michirizi ya ndani inayozungusha risasi) inaanzia ndani: hasa kwenye Mosin, maghala yalifanya hivyo pale mdomo ulipolika. Kazi ya ghala ina ukingo wa duara kamili na iko katikati. Ikiwa imeyumba upande, hiyo ni drili ya mkono.

Kuna kundi la tatu, kazi ya mabwana wa biashara. Kampuni kama Parker-Hale ya Birmingham zilibadilisha Lee-Enfield na Mauser kuwa za kuwindia kwa wingi, na mafundi wa bei kubwa kama Griffin & Howe wa New York walijenga juu ya Springfield na Mauser. Hizo sio za kurudisha jeshini, acha zilivyo, tafuta jina juu ya mtutu na, kwa za Uingereza, mihuri ya majaribio ya Birmingham au London. Kuirudisha Griffin & Howe kuwa Springfield ya askari ni kuichakachua mara ya pili.

Kwa kifupi tafuta muhuri, ulinganifu na usafi wa kazi. Kazi isiyo na muhuri, skrubu zilizotafunwa vichwa, matobo yasiyo kwenye mstari mmoja, tupa iliyoteleza ikaacha michoro pembeni, hapo umeshampata fundi wako.

HATUA YA 4: Pima mtutu

Hakikisha tena haina kitu. Funga bolti, ingiza fimbo ya mbao kutoka mdomoni mpaka iguse uso wa bolti, weka alama sawasawa na ukingo wa mdomo, toa, pima. Linganisha:

Gewehr 98: mm 740
Kar98k: mm 600
SMLE na No 4: mm 640
Mosin 91/30: mm 730
Springfield 1903: mm 610
M1917 ya Marekani: mm 660
Arisaka aina ya 38 ndefu: mm 797

Ikipungua milimita mbili tatu usipige kelele. Ikipungua sentimita tano, imekatwa. Ila kumbuka karabini, yaani bunduki fupi halali za jeshi, zipo, Mosin M38 na M44 zina mtutu wa kama mm 510, kwa hiyo urefu peke yake haitoshi, angalia na saiti ya mbele imefungwaje. Ya kiwandani imekaa kwenye kikalio chake cha kufaa, ya fundi maiko utaona madini ya kuchomelea yamevuja pembeni au imeinama kidogo ukiangalia kutokea nyuma. Tazama na mdomo wenyewe kwa lenzi, mduara wa mwisho wa mifereji unatakiwa kuwa sawa pande zote, ukikatwa kwa msumeno na kusawazishwa kwa tupa upande mmoja unakuwa juu.

Mtego maarufu hapa ni Lee-Enfield No 5, ile fupi yenye kikombe cha kuzuia mwako mdomoni, ya 1944 hadi 1947. Zinapendwa, kwa hiyo watu walikata No 4 za kawaida na kuzivisha kikombe. No 5 ya kweli ina mikato ya kupunguza uzito kwenye resiva na kwenye sehemu nene ya mtutu chini ya mbao, na kinundu cha bolti kimetobolewa ndani. Toa ile mbao ya juu, kama kitako cha mtutu hakina mikato umeshika No 4 iliyovaa nguo za mwenzake.

HATUA YA 5: Majeraha ya chuma

Matobo ya darubini. Hesabu na tazama yalipo. Tobo moja dogo ubavuni ni hasara ya kuvumilika, manne juu ya resiva, mawili mbele mawili nyuma, yakiwa yamekata katikati ya nembo au msimbo, hapo thamani ya mkusanyaji imekwenda na haitarudi. Watu wanajaza kwa kuchomelea wanasaga wanapaka rangi upya, lakini moto juu ya resiva unaharibu ugumu wa chuma, na ukitazama kwa mwanga wa pembeni utaona duara hafifu lenye rangi tofauti.

Kishikio cha bolti. Gewehr 98 ya kawaida ina kishikio kilichonyooka, kikiwa kimepinda kuelekea chini mtu alitaka nafasi ya darubini. Angalia shina lake, kama limekatwa na kuchomelewa utaona uvimbe, na namba iliyokuwa pale inakuwa imeyeyuka. Rangi za moto, njano, zambarau na bluu, zikienda mpaka kwenye mwili wa bolti karibu na mabega ya kufungia, hiyo bolti usiiamini tena.

Masikio ya saiti ya M1917. Hii bunduki ilikuwa na kuta mbili za kulinda saiti ya nyuma, na karibu kila aliyeigeuza ya kuwindia alizisaga. Hakuna namna ya kuzirudisha kwa bei ya maana. Na kama ni ya kiwanda cha Eddystone iliyowahi kubadilishwa mtutu, tafuta nyufa kwenye duara la resiva, mitutu yao ilifungwa kwa nguvu mno na kuifungua kulipasua baadhi. Paka mafuta mepesi sana, subiri, futa pakauke kabisa, paka chaki, acha. Kama kuna ufa mafuta yanarudi juu na kuchora mstari wa giza kwenye chaki. Ni njia ya zamani lakini inakamata nyufa ambazo jicho haliwezi, japo fundi mwenye vifaa vya kisasa ni bora zaidi.

Kung'arisha. Fundi akipeleka bunduki kwenye gurudumu la kung'arishia, herufi zinapoteza kingo zake na midomo ya matobo ya skrubu inadidimia, inakuwa na bonde. Muhuri wa asili ukipitisha ukucha unakwaruza kidogo. Ukiona rangi nyeusi inayong'aa alafu chini yake kuna vishimo vya kutu, ujue rangi ni mpya na kutu ni ya zamani, mpangilio ambao kiwanda hakiwezi kukupa. Kromu ndo mbaya zaidi, nayo zipo nyingi zilizotumika kwenye magwaride, kwa hiyo kabla ya kulaumu angalia kama ni bunduki ya gwaride.

HATUA YA 6: Mbao

Hapa napita haraka. Pitisha ukucha pale kitako kinapokutana na bamba la chuma la nyuma. Mbao inatakiwa kuwa sawa na chuma au juu kidogo. Chuma kikiwa kimesimama juu ya mbao pande zote, imepigwa msasa, na mihuri ya wakaguzi imekwenda nayo. Mbao ya mbele iliyokatwa angalia kama ni mbao ile ile ya asili, kwa sababu mara nyingine fundi alikuwa na heri akaivua yote akaweka nyingine, na ya asili ikabaki juu ya dari kwa muuzaji. Uliza! Uliza pia bangili (pete za chuma zinazoshika mbao na mtutu pamoja), kofia ya mbele na skrubu, watu wanaziweka kwenye makopo miaka na miaka.

Kama mbao ilipakwa vanishi juu ya mafuta ya kitani ya zamani, hiyo inatoka kwa dawa ya kutolea rangi bila kugusa mihuri, usiitie msasa wewe naye.

HATUA YA 7: Je, inafaa kupigwa?

Jibu la kuanzia ni hapana, mpaka fundi wa silaha mwenye sifa aseme ndiyo. Haya hapa ndo mambo ya kumpelekea.

Kaliba. Usiamini kinachosemwa, na wala usiamini muhuri wa asili, maana anayechimba chemba upya mara nyingi haandiki. Fundi atamwaga aloi laini ndani ya chemba, hii inayoyeyuka chini ya joto la maji yanayochemka, akaitoa, akasubiri kama saa moja ifikie kipimo sahihi, akapima. Hapo ndo mnajua kaliba, mengine yote ni hadithi.

Nafasi ya kufungia, yaani umbali wa uso wa bolti hadi pale risasi inapogota. Inapimwa kwa geji maalum na bolti ile ile iliyopo. Bolti yenye namba ya bunduki nyingine ni dalili ya kupima mara mbili. Risasi zenye ukingo kama .303 na 7.62x54R zinagota kwenye ukingo, zisizo na ukingo kama 7.92x57 zinagota begani, pale ganda linapopungua kuelekea mbele, na Lee-Enfield No 4 ina vichwa vya bolti vyenye namba 0 hadi 3 kwa ajili ya kurekebisha hilo, fundi maiko akiweka chochote kilichoingia matokeo yake ni ganda kupasuka.

Alafu kuna zile za kuogopa kwa jina. Springfield 1903 ya kiwanda cha Springfield yenye namba chini ya 800,000, au ya Rock Island chini ya 285,507: resiva zake zilichomwa kwa njia ya zamani, baadhi zikawa na chuma kinachovunjika vipande, na huwezi kujua ipi ni ipi kwa macho. Itundike ukutani. Gewehr 88 ilianza na risasi ya kama mm 8.1, baadaye Wajerumani wakahamia mm 8.2, nyingine zilirekebishwa zikapigwa S na nyingine hazikurekebishwa, na bolti yake inaweza kufungwa bila kichwa chake ikafyatuka hivyo hivyo. Ross ya Kanada ya 1910 bolti yake inaweza kuunganishwa vibaya ikaonekana imefunga kumbe haijafunga, ikarudi usoni. Lee-Enfield yenye DP ilishushwa kuwa ya kufundishia kwata, mara nyingine chemba imetobolewa kabisa. Na chochote cha wakati wa baruti nyeusi, Snider au Martini-Henry, hakikutengenezwa kwa shinikizo la risasi za kisasa, hata kama mtu amebadilisha mtutu.

Ndani ya mtutu, baada ya kusafisha, tazama kwa mwanga. Risasi za jeshi za zamani ziliacha chumvi inayovuta unyevu, ndo maana mitutu mingi ina vishimo hata kama nje iko safi. Mifereji ikiwa na kingo kali na vishimo vidogo, bado kuna uhai. Ikiwa imekuwa kivuli tu, mtutu umekwenda.

HATUA YA 8: Amua

Resiva haijatobolewa, mtutu una urefu wake, namba zinaoana, mbao tu ndo imekatwa: chukua, ila kwanza fanya hesabu kwenye karatasi. Orodhesha kila kinachokosekana, mbao ya chini, mbao ya juu, bangili, kofia, skrubu, vijiti, tafuta bei ya kila kimoja kabla hujanunua bunduki yenyewe, jumlisha. Mara nyingi jumla inakaribia bei ya bunduki nzima isiyoguswa, na hapo cha busara ni kununua ile nzima. Ikiwa aina ni adimu au namba zote zinaoana, hesabu inabadilika. Na kwa Lee-Enfield ongeza gharama ya fundi, mbao yake ya mbele lazima ikalie vizuri pale nyuma inapopokea msukumo, ukiipachika tu inapasuka.

Mtutu umekatwa lakini resiva safi na adimu: inafaa kwa mwenye subira anayeweza kupata mtutu sahihi. Kwa aina ya kawaida hapana, labda kama bei ni ya vipuri.

Resiva imetobolewa, imechomelewa au imesagwa nembo na mtu binafsi: ithamini kama vipuri. Hesabu vitu vizima vilivyobaki juu yake, bolti, saiti, bamba la magazini, triga, hiyo ndo bei yake. Muuzaji akikwambia "ni ya 1916, ni ya vita vya kwanza", mkubalie mwaka, mkatalie bei.

Kazi nzuri ya fundi anayejulikana: ithamini kama bunduki ya kuwindia ya zamani, soko lake ni lingine.

Na ukiirudisha, andika. Weka picha za kabla na baada, andika kipi ni cha asili na kipi umeweka wewe, na karatasi iende na bunduki siku ukiuza. Usigonge namba mpya kwenye vipuri ili zionekane zinaoana, anayejua atazitambua kwa fonti tu, na asiyejua utakuwa umemuibia.